Nyumba Ndogo ya Profesa

Nakutega, nawe usikimbilie kunipa mji. Chumba changu, akibisha hodi huyu, kimejaa. Akibisha yule, ni kitupu. Na katikati yao hakuna aliyeingia wala aliyetoka. Ni nini hicho? Umeshindwa? Basi kaa nacho mdomoni kama pipi, usikitafune. Kitayeyuka chenyewe tukifika mbele.

Kulikuwa na mama mmoja, fundi cherehani, mjane, watoto wake wamekua na kila mmoja ana mlango wake. Kibanda chake cha kushonea kilikuwa kwenye barabara ya kwenda chuo kikuu, ukuta kwa ukuta na saluni ya shoga yake Msusi, mwanamke ambaye siri ikimwingia sikio la kulia hutokea mdomoni kabla haijafika la kushoto. Kwenye kibanda hicho ndipo alipoanza kuja Profesa.

Alikuwa profesa wa mawe. Ndiyo, mawe, watu husomea kila kitu. Mzee mrefu, mweupe, mjane naye, na kila alipokuja nguo yake ilikuwa imepungukiwa kifungo. Leo cha kifuani, wiki ijayo cha mkononi, mara cha koti. Fundi anavuta uzi, anauliza bila kuinua macho:

"Mwalimu, vifungo vyako huwa vinakwenda wapi?"

Profesa anakohoa. Anaitazama kalenda ya ukutani kana kwamba imeleta habari mpya. "Hilo ni swali zuri," anasema, analipa, anaondoka.

"Mwanamume anayepoteza vifungo," Msusi alisema siku moja mzee alipoondoka, "huyo anatafuta kufungwa."

"Hebu nyamaza. Ana akili nyingi, ndiyo maana anasahau."

"Akili haikati uzi, shoga yangu."

Nisikuzungushe sana: walioana, Fundi akahamia kwa Profesa. Na tangu waoane Profesa hakupoteza hata kifungo kimoja. Fundi alidhani ni uzuri wa uzi wake.

Mji huo zamani ulikuwa na sheria ya kutenga watu kwa rangi. Ilifutwa, watu wakashangilia. Lakini sheria hufutwa kwa kalamu, mazoea hayana kifutio. Weupe walibaki mitaa ya juu, weusi walibaki bondeni, na hapakuwa na kibao chochote kilichowaambia wakae hivyo. Profesa alipopita na mkewe mweusi mkono kwa mkono, watu waligeuka kutazama. Fundi hakujali. "Shingo ni zao," alikuwa akisema. "Zikiuma watajikanda wenyewe."

Kilichomkosesha raha ni Jumamosi. Kila Jumamosi asubuhi mumewe alivaa shati lililopigwa pasi, akang'arisha viatu, akatia tepu ya kupimia mfukoni.

"Unakwenda wapi, Mwalimu?"

"Kutafuta nyumba."

"Na hii tunayokaa ni kofia?"

Profesa alicheka, akaenda zake. Jioni alirudi viatu vimejaa vumbi.

"Umepata?"

"Bado."

Fundi alimchunguza. Uongo hupambwa, kama maharusi. Huyu mtu hakupamba neno. Angesema anakwenda kuona rafiki, angemwamini na kusahau. Lakini kutafuta nyumba! Mtu mwenye nyumba, kila wiki, na tepu mfukoni! Swali likamwasha kama uzi uliobaki ndani ya kola.

Ndipo siku moja Msusi akaingia kibandani, mkono umeshika kiuno.

"Shoga, kaa chini."

"Nimekaa."

"Kaa tena. Juzi Jumamosi nilikuwa mitaa ya juu, namsuka mteja dirishani. Nikamsikia mumeo kwa masikio yangu haya haya yenye hereni, anamwambia mwanamke mmoja getini, 'Natafuta nyumba ndogo.'"

"Nyumba ndogo?"

"Nyumba ndogo! Hata haya hana, anaagiza kama mkate."

Jumamosi iliyofuata Profesa alipofunga mlango, Fundi alijitanda khanga akamfuata, na Msusi nyuma yake na miwani ya jua inayomfunika nusu uso. Walipofika mitaa ya juu wakajibanza kando ya duka la vitabu, wakijifanya wanasoma majina ya vitabu dirishani.

Profesa alisimama pembeni, chini ya taa ya barabarani, anaangalia saa. Mbele yake palikuwa na geti la kijani lenye kibao: Nyumba ndogo inapangishwa. Wakaja kijana na mkewe, weusi, yule mwanamke kavaa sare ya unesi na mtoto mgongoni. Wakabisha. Akatoka mama mwenye nyumba, mweupe, mnene, funguo zinamlia kiunoni. Akasikiliza. Akatikisa kichwa. Geti likafungwa.

"Huyo nesi ndiye nyumba ndogo yenyewe?" Msusi alinong'ona. "Mbona amekuja na mume?"

"Shii."

Wale wawili walipokata kona, Profesa akaweka sawa kola, akaenda kubisha geti lile lile. Safari hii mama mwenye nyumba alitabasamu mpaka magego yakaonekana. Geti likafunguka wazi, funguo zikacheza, Profesa akakaribishwa ndani.

Fundi alivuka barabara kabla hajajiuliza.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mpangaji."

Mama mwenye nyumba alimtazama kuanzia khanga mpaka kandambili. "Pole, mama. Nyumba imeshachukuliwa."

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

"Na yule anayepima dirisha?"

"Yule... yule ni mgeni wangu."

Na hapo pipi ikayeyuka mdomoni mwa Fundi, nawe najua yako imeyeyuka. Alimtazama mama mwenye nyumba, akamtazama mumewe na tepu yake.

"Mgeni wako ni mume wangu," akasema. "Sasa kama nyumba imejaa, yeye amepenyaje? Na kama yeye ameipata, vipi mimi nimeikosa, na kitanda chetu ni kimoja?"

Tepu ilimponyoka Profesa, ikajikunja kwa kasi, ikamchapa kidole. "Fundi!" akasema.

Waliteremka kwa miguu, Msusi akiwafuata kwa umbali ambao bado masikio yake yangefika. Profesa akaeleza yote. Alipokuwa mwanafunzi, rafiki yake mweusi alinyimwa chumba siku ya mvua kubwa, kimejaa, akaambiwa. Yeye akaenda kuuliza kwenye mlango ule ule, akapewa chumba hicho hicho pamoja na taulo la kujifutia. Kesho yake walikwenda milango mingine wote wawili, rafiki yake akitangulia na yeye akifuata, ili wawe na la kusema mbele ya wakubwa. Wakapata wenzao wa kazi hiyo. Wakajiita Wabisha Hodi. Nywele zilimdondoka katika kazi hiyo. Jioni aliwafundisha kina mama wa bondeni kusoma mikataba kabla hawajatia sahihi. Aliwasindikiza watu kwenye ofisi ambamo "njoo kesho" hugawiwa kwa rangi. Rafiki yake alishafariki. Yeye hakuacha Jumamosi.

"Jiwe ukiligonga, litakuambia kilichomo ndani," akasema. "Na mlango hivyo hivyo."

"Na mimi kwa nini hukuniambia?"

"Tulikubaliana tangu mwanzo: mbisha hodi hasemi, hata kwa mkewe, mpaka shauri liishe. Neno likitoka, wenye nyumba wote watajifunza kutabasamu, na milango itabaki vile vile."

Moyo wa Fundi ulijaa, akatamani kumshika mkono barabarani hapo hapo. Kisha ukakwama, kama uzi unapofunga fundo kwenye tundu la sindano. Akasimama.

"Miaka yote hiyo unabisha milango ya watu kuonyesha kuwa mweusi na mweupe ni sawa," akasema polepole. "Na mlango wangu, Mwalimu, uliubisha kwa nini? Mimi ni mke wako, au ni mfano wako wa kufundishia?"

Profesa akafungua mdomo. "Hilo ni..."

"Usiniambie ni swali zuri."

Fundi akatangulia.

Nyumba ikaingia ubaridi. Hawakugombana, la, walipeana chai, waliongea habari za mvua. Lakini swali lilikaa nao mezani kama mgeni asiyejua kuaga. Profesa alijaribu. Alikuja kibanda cha kushonea na karatasi mkononi, akaanza, "Kwanza kabisa, Fundi, na pili..."

"Jibu lenye kwanza na pili si jibu, Mwalimu. Huo ni muhula."

Akarudi na karatasi yake.

"Afadhali ingekuwa nyumba ndogo ya kweli," Msusi alilalamika. "Tungejua pa kwenda kumvua mtu wigi."

"Nikikosa jibu narudi kwangu bondeni," Fundi alisema, akikata uzi kwa meno. "Kuwa mke naweza. Kuwa mfano siwezi. Mfano hauugui, hauzeeki, haukoromi. Mimi nakoroma."

"Sana," alisema Msusi, kisha akamkumbatia.

Shauri la geti la kijani likaitwa kwenye baraza la mambo ya nyumba. Chumba chenyewe kilikuwa na mabenchi, feni inayolalamika darini, na mwenyekiti wake mama mzee mwenye miwani ya kamba. Nesi na mumewe walisema yao. Fundi aliitwa, akasema yake, bila chumvi. Mwenyekiti akamgeukia mama mwenye nyumba.

"Nesi ulimwambia imechukuliwa?"

"Ndiyo."

"Fundi ulimwambia imechukuliwa jana?"

"Ndiyo."

"Na Profesa ulimwambia anaweza kuhamia lini?"

Funguo zililia kiunoni. "Hata leo," akasema kwa sauti ndogo.

Baraza halikukawia. Nesi na mumewe wapewe nyumba, kwa masharti yale yale aliyoambiwa Profesa. Mtoto mgongoni akapiga kelele kama aliyeelewa, watu wakacheka. Mama mwenye nyumba akainuka, uso umemwiva.

"Mnamsifu huyu mzee!" akasema. "Watu weusi kwake ni fimbo tu ya kunichapia mimi. Hata mke amemwokota huko bondeni, apate cha kuonyesha!"

Kicheko kikakatika.

"Hilo si la baraza," mwenyekiti akasema. "Profesa, huna haja ya kulijibu."

"Anayo," akasema Fundi.

Alikuwa amesimama, mkoba wake ameukumbatia kifuani. "Yeye ameliuliza kwa ubaya, lakini swali lilikuwa langu kwanza. Nami bado nangoja."

Mwenyekiti alivua miwani, akaiacha ining'inie. Nadhani naye alitaka kujua.

Profesa akainuka. Huyu ni mtu aliyesimama mbele ya wanafunzi maisha yake yote. Lakini alikohoa, kama siku zile za kibandani. Akatoa karatasi yake mfukoni. "Kwanza kabisa..." akaanza. Akamwona mkewe. Karatasi akairudisha. Masikio yalimwiva, na mkono wake ukapanda wenyewe mpaka kwenye kifungo cha juu cha koti, ukakishika.

"Fundi," akasema, "uliwahi kuniuliza vifungo vyangu huwa vinakwenda wapi."

"Nilikuuliza."

"Haviendi popote. Nilikuwa navikata mwenyewe, kwa wembe, kila nilipokosa sababu ya kuja kwako."