Kamanda Aliomba Tena

Mara ya kwanza Kamanda Prentiss alipokiomba kisiwa hakukuwa na kamera, na Lajibwe alimpa.

Limejon alikuwa amekaa nyuma pamoja na wanawake wenzake, kama ilivyo desturi wanapokuja wageni wakubwa, akalisikia neno likimtoka mdogo wake asiweze kulizuia. Kamanda alikuwa ameshuka kwenye manowari yake akiwa na sare nyeupe. Alikunywa dafu, akala shelisheli la kuchoma, akajifuta mikono. Kisha, kupitia kwa mkalimani, akasema kwamba serikali ya Marekani ina bomu jipya inalotaka kulijaribu, kwamba jaribio hilo litaleta amani duniani, na kwamba katika visiwa vyote vya bahari hii kubwa kilichoonekana kufaa ni Lojrak. Je, watu wa Lojrak, wote mia moja na arobaini, wangekubali kuhama kwa muda?

Sasa, mtu akishakula kwako kisha akakuomba kitu, Lojrak humnyimi. Akiuomba mkeka uliokalia, unainuka. Ndivyo walivyolelewa, na kwa malezi hayo hayo Wajerumani, na baada yao Wajapani, waliondoka na mbata zao miaka nenda miaka rudi, tena wakisindikizwa kwa maua. Lajibwe alikuwa ndiye msemaji wa ukoo, mtu mpole ambaye hata kuku wake hawakumwogopa. Aliinamisha kichwa akasema, "Haya. Kama ni kwa ajili ya amani, tutakwenda."

Ardhi ya Lojrak haikuwa ya Lajibwe. Huko ardhi hupitia kwa mama: mwanamume huisemea, mwanamke ndiye mwenyewe. Tangu mama yao alipofariki, mwenye Lojrak alikuwa Limejon, kuanzia miamba ya kaskazini mpaka makaburi ya kusini. Lakini neno likishatoka mbele ya mgeni ni maji yaliyomwagika, hayazoleki, na kujaribu kuyazoa ni kumvua nguo hadharani yule aliyelitoa. Akanyamaza. Alinyamaza kwa hasira mpaka taya zikamuuma.

Jioni alimkuta Lajibwe nyuma ya nyumba anakuna nazi.

"Umenitoa kwangu," alimwambia.

"Dada, ulitaka nimwambie nini? Mtu ana meli tisa."

"Ungemwambia utaniuliza."

"Mbele ya watu wote wale? Angesema mimi mwanamume wa namna gani."

"Angesema wewe ni mwanamume mwenye dada."

Lajibwe aliendelea kukuna nazi ambayo ilikuwa imekwisha zamani. "Amesema ni kwa muda," alisema.

"Na Mjapani alisema uwanja wake wa ndege ni wa muda. Siku aliyoturudishia ulikuwepo? Maana mimi nadhani nililala."

Limejon akaenda zake. Usiku huo hakumpelekea chakula, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu utoto wao.

Kesho yake asubuhi mashua zilirudi. Safari hii kamanda alikuja na wanaume sita waliobeba masanduku, miguu mitatu ya chuma, na kamera mbili kubwa. Mkalimani alikuwa Jebrik, kijana wa kisiwa cha jirani aliyepewa kaptula ya jeshi na tangu apewe hakuivua. Alipita akiwaomba watu wakae tena mahali pale pale walipokaa jana.

"Kuna nini tena?" Limejon alimwuliza.

"Kamanda anataka kuuliza, mama."

"Aulize nini?"

"Lile lile la jana. La kisiwa."

"Si alijibiwa?"

"Alijibiwa, mama, ila jana hawakupiga filamu. Wanataka watu wa kwao Marekani waone mnavyokubali. Ni kama mchezo tu."

"Mimi michezo yao siijui, mwanangu. Wewe niambie: mtu akija mlangoni kwako akasema naomba, anaomba au haombi?"

Jebrik alijikuna kisogo, akatazama kaptula yake kama vile jibu lilikuwa mfukoni. "Anaomba," alisema.

Limejon akakaa chini polepole. Kando yake alikuwa Lirikin, mke wa Lajibwe, ambaye kwa miaka thelathini hawakuwahi kupitisha siku bila kutaniana.

"Wifi, umekunja uso, utadhani umeonja shubiri," Lirikin alimnong'oneza.

"Nafikiri."

"Afadhali. Kwenye ukoo wenu lazima awepo japo mmoja."

Alikuwa anafikiri hivi: aliyepewa chakula akashiba harudi mlangoni kuomba chakula kile kile. Akirudi, basi lile la kwanza kalitupa mwenyewe. Maji ya jana yalimwagika, sawa, lakini leo kamanda kaja na kata nyingine kwa mkono wake, hakuna aliyemwita. Swali likiulizwa upya hujibiwa upya, na hapo hakuna anayevuliwa nguo. Alikuwa amepata njia ya kukirudisha kisiwa chake bila kumwaibisha mdogo wake.

Mpiga filamu alichelewesha mambo. Aliwapanga watoto mbele na wazee katikati, kisha akamwambia Jebrik kwamba wanawake wavue magauni yale marefu ya kanisani, wavae majani, ili wapendeze.

"Mwambie," Lirikin alisema, "magauni haya walituvalisha babu zake, wakasema bila hayo tutaungua motoni. Wakubaliane kwanza huko kwao, halafu waje watuambie tuvae nini."

Wanawake walicheka mpaka kamanda naye akatabasamu, bila kujua anachotabasamia. Magauni hayakuvuliwa.

Kamera zikaanza kukoroma. Kamanda alisimama chini ya jua, akanyoosha mkono kuelekea baharini, akasema maneno ya jana kwa sauti nzuri zaidi: bomu, amani, muda mfupi. Jebrik akatafsiri. Lajibwe akainua kichwa, na kabla hajafumbua mdomo Limejon alikuwa amesimama. Alipita katikati ya wanaume waliokaa, yeye bila kuinama kama ilivyompasa mwanamke, jambo lililowafanya wazee wawili wakohoe, akaenda kusimama mbele ya kamanda.

"Leo najibu mimi," alisema. "Hapana."

Jebrik alimtazama kamanda, kisha akamtazama Limejon.

"Tafsiri, mwanangu. Hawakukuajiri kuchagua."

Akatafsiri. Kamanda aliinua mkono, kamera zikanyamaza. Alisema jambo kwa upole, namna ya mtu mzima anayesema na mtoto wa jirani.

"Anasema jana mlikubali," alisema Jebrik.

"Jana aliomba akapewa. Angekaa na alichopewa. Hakuridhika, karudi kuomba tena, na leo kamkuta mwenye ardhi. Mwambie ardhi hii ni ya mama yangu, na ya mama yake, na mimi sitoi hata nazi iliyoanguka."

Kamanda alisikiliza mpaka mwisho. Alivua kofia akajifuta jasho, na safari hii alisema maneno machache tu.

"Anasema meli za kuwabeba ziko njiani, mama. Anasema kuondoka mtaondoka. Hii hapa ni kwa ajili ya filamu tu."

Watu waliguna kwenye mikeka. Kumbe kulikuwa hakuna swali, si jana wala leo. Waliombwa kitu ambacho kilikwisha kuchukuliwa, na Limejon, aliyejiona mjanja muda mfupi uliopita, alihisi uchungu wa kuchezewa. Lakini hakurudi nyuma.

"Mwenye nguvu hupishwa," alisema. "Sina manowari, nitampisha. Lakini kupishwa si kupewa. Hilo alitie kwenye filamu yake, au aende bila filamu."

Kamanda na mpiga filamu wakateta. Mpiga filamu alisema jambo, wote wawili wakacheka, si kicheko kibaya, kicheko cha watu wenye kazi waliokumbuka jambo jepesi. Mpiga filamu akawapungia mkono watu waendelee, kamera zikaanza tena kukoroma. Jebrik peke yake hakucheka.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, akitazama mchanga. "Usiongee tena. Wanasema haidhuru. Kamera hizi hazichukui sauti. Maneno watayatia wenyewe huko kwao. Wanachotaka ni midomo yenu icheze. Na maneno yenyewe yameshaandikwa."

"Yanasemaje?"

"Yanasema mnashukuru."

Limejon alibaki kinywa wazi, kisha akakifunga haraka kama aliyeona nzi. Kila alipokataa alikuwa anawashukuru. Angepiga kelele, angeshukuru kwa furaha. Angelia, wangesema ni machozi ya furaha. Na kunyamaza hakukusaidia, maana jana alinyamaza na hapa ndipo kulikomfikisha.

Lojrak kulikuwa na jambo moja ambalo mgeni hatendewi. Hapewi mgongo. Yule Mjapani aliyewachapa wazee viboko kwenye uwanja wa ndege hakupewa mgongo, hata siku alipoondoka ameshindwa vita. Limejon aligeuka. Aligeuka mzima, akamwonyesha kamanda na kamera zake mbili kitambaa cha gauni lake na shungi lake la mvi, akakaa chini hivyo hivyo.

"Nisogezee nafasi, wifi," Lirikin alisema akija kukaa kando yake. "Kama wanataka mgongo, wangu huu mpana, utajaza filamu nzima." Naye akageuka. Wakafuata wanawake, wakafuata watoto, ambao kwao hilo lilikuwa jambo tamu kuliko yote waliyowahi kuruhusiwa. Wazee walichelewa kidogo, kisha wakajizungusha mmoja mmoja wakilalamikia magoti.

Mpiga filamu alibeba kamera yake, msaidizi wake akabeba ya pili, wakazunguka mbio kwenye mchanga mpaka upande wa pili. Alipomaliza kuisimamisha, watu mia moja na arobaini kasoro mmoja walikuwa wameshageukia upande alikotoka. Akarudi upande wa kwanza, nao wakageuka tena. Mara ya tatu hakuzunguka, aliiweka chini, akakaa juu ya sanduku lake akihema.

Aliyekuwa bado anamtazama kamanda ni Lajibwe.

Kamanda alimwona. Akamsogelea, akachuchumaa, akasema naye taratibu, na kumshika bega, huku mpiga filamu akiinua kamera yake tena.

"Mjomba," alisema Jebrik, "anasema wewe peke yako unatosha. Anasema wewe ni mtu wa busara. Sema neno lolote."

Limejon hakugeuka kutazama. Aliukaza macho mshelisheli uliokuwa mbele yake. Alimjua Lajibwe tangu akiwa amebebwa mgongoni mwake. Alijua kwamba hajawahi kumnyima mtu kitu, hata mwizi wa nazi alimsaidia kuzifunga. Kwa mara ya kwanza alimwogopa. Midomo ile ikicheza mara moja tu, basi Lojrak ilitolewa, na ingebaki imetolewa mbele ya dunia nzima hata baada ya wao kufa.

Lajibwe alikohoa. Kisha akainua mkono wake wa kulia, akauweka juu ya mdomo, vidole vimebanana, mpaka visionekane hata pembe za midomo. Nyuma ya mkono huo alisema, na wote wakamsikia:

"Jana nilikosea. Chukua, bwana. Lakini usiseme nimekupa."

Akageuka, akaketi nyuma ya dada yake.

Meli ya kuwahamisha ilikuja baada ya wiki tatu, na kamera zilikuwa zinawangojea juu, kwenye kichwa cha ngazi. Hakuna aliyetoa amri. Watu wa Lojrak walipanda kinyumenyume, na mikeka yao, na masufuria yao, na vitoto vichanga vifuani, wakipapasa kila kidato kwa kisigino, na mabaharia wakalazimika kuwashika viwiko wasianguke. Limejon alipanda wa mwisho. Alipofika katikati ya ngazi kamanda aliamuru kamera zizimwe. Limejon hakujua, maana alikuwa hajageuka.