Poda ya Wakonyo

Mwaka wa 1954, poda za madukani Kericho zilikuwa za rangi mbili, nyeupe na waridi, na zote mbili zilikusudiwa nyuso za watu wengine. Msichana wa Kipsigis akijipaka, alionekana kama mtu aliyetumbukia kwenye gunia la unga. Wakonyo aliliona jambo hilo, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kulalamika na mikono mitupu, akatengeneza yake.

Alichimba udongo mwekundu ukingoni mwa barabara, akaukausha, akauchekecha kwa kitambaa mara nne. Aliuchanganya na wanga wa mahindi, kisha akaushikanisha kwa mafuta ya kondoo yaliyochemshwa na kuchujwa hadi yakawa meupe. Aliushindilia ndani ya vifuniko vya makopo ya rangi ya viatu. Hapo palibaki kuoka tu. Kwenye jiko la makaa poda ilipasuka, kwa sababu makaa hayana joto moja. Joto moja la polepole lilipatikana mahali pamoja tu: kwenye bamba la chuma nyuma ya mashine ya kukaushia chai, hatua kumi kutoka pale alipofanya kazi.

Kazi yake ilikuwa kuchambua. Wanawake kumi na wawili waliketi mezani kutwa wakitoa vijiti katika chai kavu. Ilikuwa kazi ya kukaa, mbali na mvua, na waliokuwa wakichuma majani shambani waliionea wivu. Kwa Wakonyo ilikuwa zaidi ya hivyo. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ikiwasaka Mau Mau, na kibali chake, kama vya Wakikuyu wengine, kilisema ataishi Kericho maadamu kiwanda kimemwajiri. Siku ya kuachishwa kazi ndiyo siku ya kupandishwa lori kupelekwa Kiambu. Baba yake alihama huko kabla yeye hajazaliwa. Sasa yeye alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na Kiambu hakuwa na hata mahali pa kupanda mstari mmoja wa viazi.

Chumba cha kuchambulia kilikuwa na sheria moja kuu: harufu marufuku. Chai kavu hufyonza harufu kama kitambaa kinavyofyonza maji. Vitunguu, samaki, sabuni ya marashi, vyote viliachwa mlangoni. Kwa hiyo poda ya Wakonyo haikutiwa marashi. Hata hivyo hakutegemea kudhani. Alifungia chai kiasi cha kiganja pamoja na kifuniko cha poda ndani ya mkebe kwa siku mbili, kisha akanusa. Akampa na Chepkosgei, binti aliyeketi kando yake mezani, naye akanusa.

"Unasikia nini?"

"Chai."

"Na nini tena?"

"Chai tu, mama. Ulitaka nisikie ng'ombe?"

Chepkosgei alikuwa anaolewa kanisani mwezi huo, na poda ya kwanza ilikuwa yake. Ilimkaa usoni kana kwamba hakupaka kitu, ila tu madoa ya jua yalitoweka na mashavu yakapata mng'ao wa mtu aliyelala vizuri.

"Mchungaji atasema nimejipaka dunia," alisema.

"Ni udongo. Si anahubiri tulitoka humo?"

Meza nzima ikacheka. Juma lililofuata kila mmoja alitaka yake, na ya dada au jirani. Dukani ilikuwa shilingi tatu. Wakonyo aliuza senti hamsini. Vifuniko thelathini vilipangwa kwenye bamba la chuma. Ijumaa karani Johana, msimamizi wao, alisimama mbele ya Chepkosgei.

"Wewe, uso umeufanyia nini? Unang'aa kama sufuria mpya."

"Muulize Wakonyo," Chepkosgei alijibu kwa fahari. "Ndiye fundi."

Jumatatu, mwonjaji wa chai, Mzungu mwembamba aliyekuja mara moja kwa juma, alipanga vikombe vyake. Alivuta chai kwa mluzi, akatema. Akarudia. Akaenda kikombe cha pili, cha tatu. Kisha akamtazama Johana.

"Kondoo," alisema.

Wanawake walidhani anatania. Hakuwa akitania. Masanduku kumi na moja yalikuwa na harufu ya mafuta ya kondoo. Johana alinusa, akatikisa kichwa, hakusikia kitu. Wanawake walinusa mmoja mmoja. Hakuna aliyesikia. Tangu siku waliyozaliwa walikuwa wamepakwa mafuta hayo, Mkipsigis kwa Mkikuyu, na pua ya mtu haisikii kile ilichokulia ndani yake. Wakonyo alielewa hapo hapo. Jaribio lake lilikuwa sahihi kwa kila kitu isipokuwa pua iliyolipima.

Mwonjaji aliuliza mafuta yametoka wapi. Johana hakuhitaji kufikiri. Aliutazama uso wa Chepkosgei, kisha akaizunguka mashine ya kukaushia, akapekua nyuma yake na kurudi na kifuniko mkononi, bado cha moto.

"Ni kosa langu," Chepkosgei alianza.

"Nyamaza," Wakonyo alisema. "Wewe una harusi."

Alieleza yote kwa utaratibu: udongo, wanga, mafuta, siku mbili za mkebe. Mwonjaji alimsikiliza hadi mwisho, akasema ilikuwa kazi ya akili sana. Ofisi ilimwachisha kazi saa nane.

Lori liliondoka Ijumaa, siku moja kabla ya harusi. Chepkosgei alikuja kumuaga, uso umesuguliwa kwa sabuni ya mche hadi ukachubuka. Ilikuwa amri kwa wote kumi na mmoja waliobaki.

"Mama, kesho nitapaka nini?"

"Ya dukani."

"Ile nyeupe?"

"Ile nyeupe. Paka kidogo, halafu panguza karibu na masikio, ili inapoishia pasionekane sana."

Chepkosgei aliitikia kwa kichwa. Askari alifunga mlango wa nyuma wa lori. Wakonyo alitoa kifuniko alichokificha kiunoni, akakinusa tena. Kilinukia udongo.