Gauni la Shanga la Mama

Sitaki kujitakasa. Wivu ulinishika siku mama alipomkabidhi kitindamimba wetu gauni lake la shanga, na haukuniachia mpaka uliponiaibisha.

Mimi ndiye kifunguamimba, na kazi yangu ni kuuza magauni ya zamani. Nayachagua moja moja sokoni nikinusa makwapa na kukagua mshono kwa ndani, nayafua kwa maji baridi, nayaanika kivulini, na nondo wanaokula nguo nawajua kuliko majirani zangu. Gauni la mama, la hariri nyeusi, lenye shanga kuanzia mabegani hadi pindoni, nalitunza tangu nikiwa msichana: kila mwaka nalitoa sandukuni, nalikunja upya nikikwepa mikunjo ya zamani, natia karatasi laini katikati, nalilaza. Halafu anapewa nani? Mtu anayefua taulo pamoja na soksi.

Mama alieleza bila kuzunguka. Macho yake yalikuwa yanaingia ukungu, na siku ya kutimiza miaka sabini alitaka kuziona shanga zile zikimetameta kwenye dansi, mara moja tu, kabla hajawa mtu wa kusimuliwa. Gauni lilimkaa mdogo wangu sawasawa. Mimi lingenibana kiunoni. Na wewe una duka zima, akanimalizia. Nikatabasamu, meno yote nje, roho inafuka moshi.

Wiki moja baadaye nilipita kwa mdogo wangu kumrudishia sufuria. Yeye alikuwa jikoni, mimi nikaingia chumbani kuweka mkoba. Gauni lilikuwa limetundikwa kwenye henga ya waya, nyuma ya mlango. Mtu yeyote wa kazi yangu angepiga kelele. Shanga ni mzigo. Hariri ya miaka arobaini ikining'inia na mzigo ule, mabega huchanika polepole kwa uzito wa gauni lenyewe. Nikalishika begani. Nyuzi zilikuwa zimeanza kuachana. Kumwambia alilaze kulikuwa kazi ya pumzi moja. Nikasema moyoni, si kapewa yeye? Acha aone kazi. Nikarudi jikoni, nikanywa chai yake, nikaisifu.

Asubuhi ya sherehe mdogo wangu alikuja kwa mama na gauni mikononi. Mabega yote mawili yalikuwa yamekatika, shanga zimejaa kwenye mfuko wa nailoni. Alilia kwa kwikwi. Mimi, jueni ukweli, kwanza nilifurahi.

"Dada, sijui nimekosea wapi," akasema. "Nililitundika vile vile unavyotundika wewe dukani. Kila asubuhi nilikuwa nalipangusa vumbi. Nilitaka siku moja uone na mimi najua."

Dukani kwangu magauni hutundikwa kweli. Ya shanga yamelala kwenye maboksi, chumba cha nyuma, ambako sijawahi kumkaribisha. Furaha yote ikaniishia palepale.

Mama alipapasa hariri kwa vidole mpaka akafika palipochanika. Akauliza lilitundikwa wapi. Nyuma ya mlango wa chumba, mdogo wangu akajibu. Mama akageuza uso upande wangu.

"Si ulikwenda kwake kurudisha sufuria?"

"Nilikwenda. Sikuliona."

Mdogo wangu akafuta machozi, akanitetea. Alisema dada alikaa jikoni tu, angeliona angesema, nani asiyemjua dada kwa nguo? Mama alilikunja gauni taratibu, akaniwekea mapajani.

"Lichukue," akasema. "Ulikuwa unalitaka."

Alasiri ile mama alikaa kwenye kiti chake mbele ya watu, na mdogo wangu akamchezea dansi akiwa amevaa gauni lake la kila siku, la pamba, lenye maua madogo. Shanga zingemulika, pengine mama angeziona. Maua yale hakuyaona. Akanivuta mkono, akaniuliza mdogo wako kavaa la rangi gani, nami nikamsimulia.