Kinanda Chini ya Uso wa Dada

Kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba kinanda kilianza kabla ya uso. Kioo cha kompyuta kilikuwa bado cheusi, na tayari sauti zilikuwa zikidondoka mojamoja, taratibu, kama maji kwenye ndoo ndani ya nyumba iliyohamwa. Ndipo dada akatokea. Aligeuza shingo, akacheka, nywele zikamfunika jicho.

Nilikuwepo siku ile, kwenye harusi ya binamu yetu. Nilikuwa nimebeba trei ya glasi nikajikwaa, naye akaniangulia kile kicheko chake cha kukwaruza, cha mtu asiyejua kujibana. Lakini pale kwenye kioo hakuwa akinicheka. Picha ilikuwa imepunguzwa mwendo, na juu ya kinanda kicheko kikageuka kuaga.

Mama alijifuta macho. "Kazi nzuri, baba. Mungu akubariki."

Aliyebarikiwa ni Mkasi, jirani yetu, aliyekata na kuunga video za harusi na za misiba katika chumba kidogo nyuma ya kibanda cha kinyozi. Dada alikuwa ametoka asubuhi kwenda kuulizia kazi kiwandani, na kiwandani wakasema hawakumwona. Tulikwenda polisi. Tulikwenda hospitali, tukaingia hata kule ambako mama alinishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Tulipokosa pa kwenda, Mkasi akajitolea: atengeneze video fupi, irushwe simu kwa simu, na chini yake namba ya mama.

Simu ya kwanza iliita kabla hatujamaliza kula. Mama akaweka sauti kubwa.

"Mama, pole sana," alisema mwanamke. "Kazi ya Mungu haina makosa."

"Pole ya nini? Umemwona?"

"Nimemwona, mama, kwenye video. Mtoto mzuri jamani. Mnazika lini?"

Mama alisukuma sahani yake kando, yule mwanamke akawa anaita, haloo, haloo. Kisha akamwambia kwamba mwanawe hajafa, amepotea, imeandikwa.

"Nisamehe, mama. Ule muziki ulivyoanza tu machozi yalinitoka. Sikusoma."

Wakafuata wengine, na wote walikuwa na pole. Hakuna aliyetazama huku na huku barabarani. Nani humtafuta marehemu? Masikio yalikuwa yameshakata shauri, macho yakafuata kama mkia.

Tulirudi kwa Mkasi tukiwa tumebeba simu kama mtu abebavyo mtoto mgonjwa.

"Umemzika mwanangu," mama alisema.

"Mimi? Si nimeandika AMEPOTEA, herufi kama milango!"

"Umeandika kwa mkono, ukamzika kwa kinanda."

Mkasi alikuna kichwa. Hakuwa mtu mbaya. "Mama, ndivyo mkono ulivyozoea. Bibi harusi namwekea tarumbeta. Mtu aliye peke yake kwenye picha namwekea kinanda. Kapu la tatu sina."

Akajaribu tarumbeta. Dada yule yule, kicheko kile kile, akawa msichana aliyetoroka na mwanamume. "Hapo watasema kafuata raha zake," mama alisema. Akajaribu ngoma nzito ya chinichini, ya filamu za majambazi. Lile jicho lililofunikwa na nywele likaanza kuficha jambo. "Na hapo kaiba," mama akasema, na tulikaribia kucheka, sote watatu, tukaogopa. Kila muziki ulimvika nguo yake, na yeye hakuwepo akatae.

Nilimnong'oneza mama. Tangu utotoni yeye ndiye mdomo wangu. Shule niliiacha darasa la tano kwa sababu kila nilipoambiwa nisimame nisome, sauti haikutoka.

"Anasema uondoe vyote," mama alimwambia Mkasi. "Na mwendo wake umrudishie. Uache sauti ya siku ile."

"Sauti mbichi? Makelele matupu hayo, mdogo wangu. Sahani, viti, watu wanaitana."

Niliitikia kwa kichwa.

Akabonyeza. Viti vilikwaruza sakafu. Mtu alimwita mtu. Glasi zikaanguka, dada akageuka, na kicheko kikatoka kizima, kibaya, chake. Chumba kikawa na mtu wa nne. Mama aliinuka akasimama karibu na kioo.

"Huyo ndiye," alisema. "Huyo yu hai."

Na kweli, simu zilibadilika. Sasa watu walikuwa wamemwona: sokoni akichagua vitambaa, kwenye foleni ya benki, kwenye dirisha la basi lililokuwa likiondoka. Aliye hai huonekana kila mahali. Kila simu ilipoita mama alivaa viatu, nami nikamfuata, tukaenda, na kila mara aligeuka msichana wa watu, aliyetutazama kwa huruma au kwa hofu. Mmoja alikubali mama amshike shavu.

Viatu vile viliisha, vikaja vingine, navyo vikaisha. Siku hizi simu haziiti sana. Macho ya mama yameingia ukungu. Video haitazami tena, anaisikiliza. Huiweka sikioni jioni, anapochambua mboga, kicheko kikipita anatabasamu na kuniambia, "Huyu atarudi, utaona. Mtu anayecheka hivi hapotei."

"Ndiyo, mama," nasema, na kumsogezea bakuli.

Mama, mimi simngoji tena. Namlilia.