Kikohozi cha Shemeji

Kazi ya kuchukua sampuli puani mwa nguruwe inataka watu wawili, kitanzi cha kamba na masikio ya kuvumilia. Mmoja anamtia nguruwe kitanzi kwenye taya la juu na kumvuta. Mwingine anaingiza kijiti chenye pamba puani, anakizungusha, anakitumbukiza kwenye kichupa. Nguruwe hupiga makelele ya kuchinjwa hata kabla hajaguswa, na banda zima humwitikia. Bwana mifugo wa shamba lile, ambaye wafanyakazi walimwita daktari na yeye hakuwakatalia, aliifanya kazi hiyo kila mwezi pamoja na mdogo wa mkewe, aliyekuwa mlishaji. Huyo watu wote shambani walimwita Shemeji, hata wale ambao hawakuwa wameoa kokote.

Shemeji ndiye aliyemgundua Bibi Harusi. Alikuwa jike kubwa la chumba cha mwisho, karibu na dirisha, na jina alilipata kwa sababu alisimama kimya, macho chini, akawaacha watu wamshughulikie wapendavyo. Ukimwonyesha kijiti, alinyanyua pua mwenyewe.

"Kwani huko maabara wanajua pua ni ya nani?" Shemeji aliuliza siku moja, suruali imechanika gotini kwa kuburutwa na dume la chumba cha pili.

Bwana mifugo akacheka. Siku ile vijiti vichache vya mwisho viliingia kwa Bibi Harusi. Mwezi uliofuata viliingia vyote. Bibi Harusi alikuwa mzima wa afya, kwa hiyo kwa maabara shamba zima lilikuwa zima, na Tajiri, mwenye shamba, akawa anawatambia wanunuzi.

Kisha nguruwe wa vyumba vya katikati wakaanza kupiga chafya, kukohoa na kuacha pumba kwenye vihori. Bwana mifugo alijua maana yake. Chuoni alifundishwa kwamba mwili wa nguruwe ni chungu: virusi vya ndege na vya watu vinaweza kukutana humo, vikapikwa pamoja, kikatoka kitu ambacho kifua cha binadamu hakijawahi kukutana nacho. Aliyajua hayo vizuri, na vijiti vikaendelea kwenda kwa Bibi Harusi. Angeleta majibu mengine, angeulizwa yale ya mwanzo aliyatoa wapi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Uongo wake ulikuwa umeshapewa jembe na unalima.

Shemeji alianza kukohoa wakati wa kuosha mabanda. Kikohozi chake kilikuwa na mtindo wake: viwili vifupi, kimoja kirefu, halafu "ah, mama" ya chinichini. Homa ikamlaza. Hospitali, daktari wa watu alisimama kando ya kitanda na kuuliza swali la maana kabisa.

"Hao nguruwe anaowalisha, wana mafua?"

"Hawana," alisema bwana mifugo. "Tunawapima kila mwezi."

Shemeji alimtazama, kisha akatazama dari. Daktari akashukuru, akamtibu ugonjwa mwingine, na Shemeji akafariki kabla dawa hazijaisha.

Siku ya kwanza kazini baada ya mazishi, nguruwe mmoja wa chumba cha tatu alikohoa viwili vifupi na kimoja kirefu. Kisha akasema, "Ah, mama." Mpishi wa wafanyakazi, aliyekuwa akipita na birika, akamimina chai kikombe cha pili kama alivyozoea, ndipo akakumbuka kwamba Shemeji mwenyewe amezikwa. Hakuimwaga. Aliinywa yeye. Kufika mchana chumba cha tatu chote kilikuwa kikikohoa hivyo, na wiki haikuisha kabla banda lote halijafuata, isipokuwa Bibi Harusi, ambaye hakuwahi kukohoa maishani mwake.

Watu walizoea upesi. Mlishaji mpya alifundishwa kwamba nguruwe wakikohoa anajibu "pole, kaka," maana asipojibu hawali. Tajiri alimwuliza mchinjaji kama jambo hilo litaharibu soko. Mchinjaji alisema nyama haikohoi, na Tajiri akaridhika.

"Wanamlilia," alisema mpishi. "Kikohozi wamekichukua kwake. Mtu akikulisha kila siku, utakosa kuchukua hata kitu kimoja?" Kisha akatikisa kichwa. "Ila na yeye alichelewa hospitali. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Bwana mifugo alikuwa akisafisha buti zake. Aliendelea kuzisafisha zilipokuwa zimeshatakata. Hakuna aliyejua kama yeye kwamba kikohozi kile hakikutoka kwa Shemeji kwenda kwa nguruwe, bali kilikuwa kimerudi nyumbani.

Mkewe alipopata habari, alikuja na kigoda. Alikaa kwenye ujia wa banda, akaegemeza kichwa kwenye vyuma vya chumba cha tatu, akasikiliza. Kila baada ya kikohozi alisema, "Pole, mdogo wangu." Nguruwe walisogea wakampumulia usoni, naye hakujitenga. Kesho yake akaja tena, na keshokutwa. Alisema kwamba tangu mazishi hakuwa amelala vizuri, na sasa analala.

"Usiwe unakaa karibu hivyo," bwana mifugo alimwambia wakirudi nyumbani.

"Kwa nini?"

Sababu alikuwa nayo mdomoni. Ilikuwa sababu fupi, sentensi moja tu, lakini nyuma yake ilivuta nyingine, na ya mwisho katika msururu ule ilikuwa kitanda cha hospitali.

"Utachafua nguo," alisema.

Mkewe akacheka, kicheko cha kwanza tangu msiba. "Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wewe unaniletea habari za sabuni."

Aibu ilimchoma mpaka masikioni. Kesho yake aliamua. Alichukua kijiti kimoja kipya, akaenda chumba cha tatu, akamshika nguruwe mdogo kwa mikono bila kitanzi. Nguruwe yule hakupiga kelele. Alimtazama, akakohoa, na alipofika kwenye "ah, mama" sauti ilikuwa ya Shemeji kabisa, ya uchovu, bila lawama. Lawama ingemsaidia. Bwana mifugo akawaza: kichupa hiki kikifika maabara, mkewe atajua. Akakivunja kijiti vipande viwili, akavitia mfukoni, akarudi nyumbani navyo.

Mpishi alianza kukohoa kikohozi cha Shemeji wakati akipepeta mchele. Wafanyakazi walimwambia ana bahati, marehemu amemkumbuka kwa zile chai. Yeye mwenyewe alifurahi kidogo, kisha akalala, akawa haji kazini. Bwana mifugo alimpelekea machungwa. Hakuna kingine alichompelekea.

Halafu ikawa jioni moja, mkewe anakatakata vitunguu, redio inasoma habari za mbali. Akakohoa viwili vifupi na kimoja kirefu. Kisu kikasimama hewani.

"Ah, mama," alisema.

"Pole," alisema bwana mifugo.

"Si mimi," alisema mkewe, na uso wake ulikuwa na raha. "Ni yeye." Akaweka kiganja kifuani, akakipapasa polepole, kama amembeba mtoto aliyesinzia.

Homa ilipompanda alimpeleka hospitali ileile. Daktari alikuwa yuleyule. Alisikiliza kifua muda mrefu, akatoa kipimo masikioni, akasema kikohozi hiki anakifahamu, alishawahi kukisikia.

"Ni cha mdogo wangu," alisema mkewe.

"Ndiyo," daktari alisema, na akaliandika hilo. Kisha akageuka. "Na wale nguruwe? Wana mafua?"

Bwana mifugo akafungua mdomo. Safari hii angesema. Hata leo anaamini kwamba angesema. Lakini mkewe alimtangulia, akijinyanyua kwenye mto kwa fahari.

"Hawana kitu, daktari. Mume wangu ndiye anayewapima." Akamgeukia, macho yanang'aa kwa homa. "Si ndiyo, mume wangu?"

Bwana mifugo alimtazama, kisha akatazama dari. Ilikuwa na doa la maji juu ya kitanda, mahali ambapo Shemeji alipatazama.

"Ndiyo," alisema.

Siku ya sampuli ilipofika aliingia bandani peke yake, bila kitanzi. Vyumba vyote vilikohoa kumwamkia. "Pole," alisema kwenye kila mlango, "pole, pole," kama ilivyokuwa desturi sasa, na kwenye chumba cha tatu sauti moja kati ya zile ilikuwa nyembamba kuliko nyingine, ya kike. Alisimama hapo kidogo. Aliijua; ndiyo iliyokuwa ikimwita mume wangu. Akasema pole, akapita, akafika mwisho wa ujia, karibu na dirisha.

Bibi Harusi alikuwa ameshanyanyua pua.