Siku Kumi za Lori

Mbwa huyo aliitwa Lori, na aliyeuona ukubwa wake hakuuliza sababu. Enzi za nguvu zake alizunguka ghala la ngozi pamoja na Lowoi, askari wa zamu, na wezi wakaambiana wasijisumbue. Lowoi alipofariki, mwenye ghala alitafuta askari mwingine na mbwa mwingine. Lori akamfuata Akiru, mjane wa Lowoi, hadi mtaa wa Bulla Pesa, akajilaza mlangoni pake kana kwamba ameajiriwa upya.

Kufikia Julai ya mwaka 1983 alikuwa amezeeka vibaya. Kuamka kulikuwa kazi ya asubuhi nzima. Kwanza aliinua miguu ya mbele, akapumzika hapo akitazama watu kama mzee anayengoja kusaidiwa, kisha akauburuta mwili wa nyuma huku akiguna. Akiru alimngoja, karai la mandazi kichwani, ndipo waende pamoja soko la mifugo alikouza chai. Siku hizo Lori alipepesuka njiani, na watu walianza kumpisha.

Asubuhi moja ya upepo mkali Lori hakuamka kabisa. Akiru alimwita, akamwita tena. Mwishowe akaweka karai chini, akapitisha mikono chini ya nyonga zake amsaidie kusimama. Lori alipiga ukelele, akageuka, na meno yakazama mkononi mwa Akiru. Alimwachia papo hapo, akalaza masikio, akautazama ule mkono kana kwamba aliyeuuma ni mbwa mwingine.

Jirani yake Jecinta alikuwa mferejini akiosha vyombo.

"Mama Jonah!" alipiga kelele, maana Akiru aliitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza. "Amekuuma! Huyo mbwa ana kichaa! Si tumemwona akipepesuka wiki nzima?"

Kabla damu haijakauka, watoto wote wa ploti ile ya vyumba vya kupanga walikuwa wamefungiwa ndani. Mwenye ploti, Mzee Kiogora, muuza miraa, akaitwa kutoka sokoni.

"Mama Jonah, mimi sina ubaya na mbwa wako," alisema, akisimama mbali. "Lakini hapa kuna watoto. Kesho nitaleta mtu mwenye bunduki."

"Nipe leo tu, mzee," Akiru akajibu. "Leo tu."

Alimfunga Lori kwa kamba kwenye nguzo ya kibanda, akaenda hospitali. Walimwosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, wakamweleza habari za sindano: nyingi, za tumboni, na za kuagizwa kutoka mbali. Wakamwambia amtafute kwanza mtu wa mifugo amtazame huyo mbwa. Basi akashika njia, mkono umefungwa bendeji, hadi kwa Kithinji, daktari wa mifugo.

"Mbwa?" Kithinji alishangaa. "Mama, mimi huitwa kwa ng'ombe." Lakini alichukua mkoba wake.

Alipofika alisukuma sufuria ya maji kwa fimbo. Lori akanywa. Kithinji akamfunga mdomo kwa kitambaa, akaanza kubonyeza mguu mmoja baada ya mwingine. Alipofika nyonga ya kushoto, Lori alilia.

"Ulimshika hapa?"

"Hapo hapo," Akiru akasema.

"Basi hata mimi ningekuuma. Hii ni baridi yabisi. Viungo vimesagika."

"Kwa hivyo hana kichaa?" Kiogora aliuliza.

Kithinji hakuwa mtu wa kupaka maneno mafuta. "Nadhani hana. Nilimchanja mwenyewe mwaka jana, tulipochanja mbwa wa mji mzima. Lakini kudhani si kujua. Mbwa akiuma akiwa na kichaa, siku kumi hazimwachi mzima. Afungwe. Akifika siku ya kumi anakula na kunywa, mama amepona na nyinyi mmepona. Akibadilika hata kidogo, mama apande gari siku hiyo hiyo akazifuate sindano. Mkimpiga risasi leo, mtakuwa mmemfunga mdomo shahidi."

Kiogora alikuna kidevu. "Siku kumi," alisema. "Si kumi na moja."

Kabla ya kuondoka Kithinji alimfundisha Akiru kumtunza. Simenti baridi ndiyo adui, atandikiwe kitu kikavu. Ugali upunguzwe, maana ule unene unazilemea nyonga. Apashwe joto asubuhi. "Na dawa zako za kichwa usimpe, zitamuua. Za kwake nitaleta mimi."

Basi Akiru akaanza kumuuguza mbwa ambaye pengine alikwisha kumuua. Kila alfajiri alikaanga mchanga kwenye karai kuukuu, akausubiri upoe mpaka mkono ukaweza kuuvumilia, akautia ndani ya gunia dogo na kulisukuma kwa mpini wa ufagio hadi kwenye nyonga ya Lori. Mbwa alifumba macho kwa raha. Akiru aliketi pale ambapo kamba haikufika, akimtazama anavyomeza, akitafuta dalili. Alipoumwa na kichwa hakumwambia mtu. Koo lilipomkauka alikunywa maji upesi, ahakikishe kwamba bado yanapita.

Siku ya sita Lori hakugusa maji. Sufuria ilibaki imejaa mpaka jua likawa kali. Akiru aliketi kizingitini, akiwaza nani atamwambia Jonah.

Jecinta alitoka na ufagio wake. Alisogea hatua, akasita, akasogea tena, akachungulia.

"Mama Jonah, wewe! Kamba imezunguka nguzo. Atafikaje?"

Aliisukuma sufuria kwa ufagio mpaka puani pa mbwa. Lori alikunywa yote, akalamba na chini. Jecinta alicheka kwa sauti ya woga, kisha akaenda akamletea mengine.

Siku ya kumi Kithinji alikuja mapema. Ploti nzima ilikuwa imesimama milangoni. Alilitupa fupa hatua tatu kutoka kwa Lori. Mbwa alilitazama, akainua miguu ya mbele, na mara hii hakupumzika. Aliuinua mwili wote, taratibu, bila kuguna, akalifuata fupa lake.

Kithinji akafungua kamba mwenyewe. "Mama, nenda ukapike mandazi."

Akiru alitaka kusema asante. Badala yake aliketi mavumbini, akalia huku akicheka, na Jecinta akaketi naye. Lori akaja kumlalia mapajani na kichwa kizito kama jiwe la kusagia. Akiru alimkuna shingoni, mbali kabisa na nyonga.

Jioni ile Kiogora alileta rundo la majani makavu ya ndizi yaliyofungiwa miraa. "Yanatupwa tu sokoni," alisema, akitazama pembeni. "Atandikiwe." Baada ya hapo akawa anayaleta kila Jumamosi.

Lori hakurudi ujana. Kulikuwa na asubuhi mbaya, hasa za upepo, na hizo aliachwa alale juu ya majani yake. Lakini alipungua mwili, na siku nyingi alitembea mpaka sokoni, pole pole, akipumzika mara mbili njiani. Akiru alipumzika naye. Wateja walilalamika kwamba chai inachelewa, naye akawaambia wangoje, kwani yeye amejifunza.