Maji ya Jikoni

Kanzu nyeupe ya ubatizo niliifumua mara tatu wiki ile, na mimi ndiye fundi ninayeshonea parokia nzima. Watoto mia na ushee wamebatizwa ndani ya mishono yangu, hakuna hata mmoja aliyetoka na pindo la kwenda kombo. Ila hii ya mjukuu wangu mwenyewe ilinishinda. Nikikanyaga cherehani, uzi unakatika. Nikishika sindano, najichoma. Mwisho nikaitupa kitandani nikasema, jamani, acha tu, tatizo si uzi.

Tatizo lilikuwa mimi. Nilikuwa nimeshambatiza.

Ngoja niseme yote, maana nikisema nusu nitaonekana mbaya zaidi. Mkwe wangu, mke wa mwanangu wa pekee, amekulia kwenye kanisa ambalo mtu hubatizwa akiwa na akili zake, anazamishwa mzimamzima, baada ya kukiri mwenyewe kwamba ameokoka. Mimi ni Mkatoliki wa kuzaliwa, rozari haitoki mfukoni. Mtoto alipozaliwa nikauliza, lini? Akanijibu kwa adabu, "Mama, atachagua mwenyewe akikua." Baada ya wiki nikauliza tena. Mara ya tatu akaweka kijiko chini.

"Mama, nakuheshimu. Lakini siku mtu akimwingiza mwanangu kwenye dini yoyote bila kuniuliza, hatamshika tena."

Mwanangu, dereva wa lori, mtu wa kulala nyumbani siku mbili kwa mwezi, akajitia kutafuta rimoti iliyokuwa mapajani mwake.

Basi. Mtoto akafika miezi sita. Mchana mmoja nimeachiwa, mama yake kaenda kazini, akachemka homa. Macho yamelegea, kilio kinakatikakatika. Namwita, "Mume wangu! Mume wangu!" maana ndivyo ninavyomwita, hageuki. Nikachanganyikiwa. Nikamkimbiza jikoni, nikafungua bomba, nikachota maji kwa kiganja, nikammwagia utosini mara tatu: nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Kisha nikambeba mbio hadi zahanati. Kumbe meno! Meno, jamani! Jioni anacheka na kila mtu, na mimi nimebaki na siri.

Niliikalia miezi minne. Halafu, bila kuombwa na mtu, mkwe akaniambia, "Mama, tumekubaliana. Abatizwe kanisani kwako, Jumapili ya wiki ijayo, baba yake akiwepo." Nikapiga kigelegele, nikakikatiza katikati. Ubatizo haurudiwi. Hilo nalijua tangu nikiwa darasa la katekisimu: ukishabatizwa umebatizwa, roho imetiwa alama, haifutiki hata uisugue kwa jiwe.

Siku zikaanza kunikimbiza. Nilifagia sebule mara mbili kabla ya saa nne asubuhi. Chai nilimimina, nikaisahau, nikamimina nyingine. Alhamisi nikashindwa, nikaenda kuungama.

"Ulimwaga maji kweli, au ulimpaka tu?" padre akauliza nyuma ya pazia.

"Nilimwaga, padre. Mpaka shingo ililowa."

"Ulitaja wote watatu?"

"Wote, tena kwa sauti."

Akashusha pumzi. "Basi kosa ni lako, lakini ubatizo ni wake."

"Sasa Jumapili itakuwaje?"

"Jumapili nitammwagia maji. Ya kitubio yanaishia hapa hapa, mama. Nikitoka humu sijui kitu, siwezi hata kukutazama kwa jicho la kukumbuka. Anayeweza kusema ni wewe, na wa kuambiwa kwanza ni mama yake."

Malipizi akanipa rozari moja. Angenipa mia ningezisali zote kwa furaha, mradi nisiseme.

Nilimwogopa yule binti, sifichi. Mume nilishazika, mwanangu yuko barabarani, kile kitoto ndicho kinachonifanya niamke. Nikinyang'anywa hicho nitabaki na cherehani. Usiposema, moyo ukaniambia, nani atajua? Mungu, nikaujibu. Na padre atasimama mbele ya watu anamwaga maji ya bure kwa sababu yangu.

Ijumaa, mkwe alikuwa kakaa kwenye mkeka anakunja nepi. Nikasimama mlangoni. Nikakaa. Nikasimama tena.

"Mama, una nini? Tangu juzi unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

Nikasema. Nilisema haraka, homa, bomba, kiganja, majina yote matatu, hata meno nikayataja. Nepi ikabaki hewani mikononi mwake. Nilingoja anifukuze. Badala yake akaanza kucheka, kicheko kibaya, machozi yanamtoka.

"Siku aliyozaliwa hakulia," akasema. "Alikuwa wa bluu, mama. Mkunga anampuliza pumzi, huku ananiuliza, wewe ni Mkristo? Nimbatize? Mimi niliyesema mtoto atachagua mwenyewe! Nikasema ndiyo, mbatize, mbatize upesi. Akammwagia maji hapo hapo, akaandika kwenye daftari la wodi."

"Na hukutuambia?"

"Ningewaambia nini? Kwamba msimamo wangu ulidumu dakika mbili? Niliona aibu. Nikadhani ule wa mkunga ni wa muda, kama cheti cha muda, halafu kanisani unapewa cha kudumu. Ndiyo maana nikakubali."

"Hakuna cha muda, mwanangu. Ule ndio wenyewe."

"Na wako?"

Nikafikiri. "Wangu nimemwosha kichwa tu."

Nikacheka na mimi, nikidhani yamekwisha. Mzigo wote ule umenishuka, nikanyoosha mikono nimchukue mume wangu pale alipokuwa anatafuna kona ya mkeka. Mkwe akamvuta kwake.

"Hapana, mama. Mkunga alikuwa na mtoto anayekufa mikononi, na bado aliniuliza. Wewe hukuniuliza."

Nikarudisha mikono. Nikaenda chumbani nikamaliza kanzu, na safari hii pindo likanyooka.

Jumamosi mwanangu akarudi safarini, wakaenda yeye na mkewe kwa padre, wakamweleza, naye akapiga simu hospitali. Jumapili nikakaa benchi la nyuma kabisa. Padre akatangaza kwamba mtoto huyu alibatizwa siku aliyozaliwa, leo Kanisa linakamilisha yaliyobaki. Akapita kisima cha ubatizo bila kukigusa, watu wakanong'ona. Akampaka mafuta ya krisma utosini. Akamvika kanzu yangu. Baba wa ubatizo akawasha mshumaa kwenye mshumaa wa Pasaka, na mjukuu akataka kuula moto.

Misa ilipokwisha wakatoka uwanjani, kila mtu anamshika. Mwenye duka kamshika. Mpiga kinanda kamshika. Siku mbili nzima sijamshika mimi. Akaniona, akapiga kelele, akarusha mikono. Nikawasogelea.

"Mwanangu," nikamwambia mkwe, "naomba kumshika. Ukikataa nitaelewa."

Uongo, nisingeelewa. Lakini sikumbuki kama nilishawahi kumwomba mtu ruhusa ya kitu chochote tangu nivunje ungo. Mwanangu akaanza kutafuta funguo za lori mfukoni.

"Onyesha mikono kwanza," mkwe akasema.

Nikaitoa mbele ya watu wote, viganja juu. Akaikagua. Akaigeuza upande wa pili, akaikagua tena.

"Mikavu," akasema, na akanipa mtoto.